Namba 4 294 967 297 na Dhana ya Fermat

Pierre de Fermat alikuwa hakimu mjini Toulouse, Ufaransa. Hisabati aliishughulikia katika saa za faragha, na matokeo yake aliyatangaza zaidi kwa barua. Mnamo 1640 alimwandikia Frénicle de Bessy juu ya mfululizo mmoja wa namba. Huchukuliwa 2, ikazidishwa kwa nafsi yake, na kila jawabu likazidishwa vivyo hivyo: 4, 16, 256, 65 536. Kila moja ikiongezwa 1, hupatikana 3, 5, 17, 257 na 65 537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat akasadiki kwamba ya sita, 4 294 967 297, nayo ni tasa, na zote zifuatazo pia. Alikiri kwamba hakuwa na uthibitisho. Hata hivyo hakuiacha dhana hiyo.

(Msomaji wa Lubumbashi ataanza kuitamka namba hiyo kwa «miliari nne», na yule wa Dar es Salaam kwa «bilioni nne». Tofauti ni ya Kifaransa na Kiingereza, si ya hesabu.)

Kuihakiki kwa kujaribu vigawo kimoja kimoja kungedai kupitia namba tasa 6 542. Si ajabu basi kwamba dhana ilidumu miaka tisini na zaidi. Mwaka 1729 Goldbach alimwuliza Euler habari zake, na mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba namba hiyo ni 641 mara 6 700 417.

Njia yake aliieleza baadaye. Namba tasa yoyote inayoigawa 4 294 967 297 kamili, yenyewe ikigawanywa kwa 64, haina budi kuacha baki ya 1. Tasa za namna hiyo huanza hivi: 193, 257, 449, 577, 641. Nne za kwanza hazifai. Ya tano yaigawa. Kugawanya mara tano tu!

Lakini kanuni hiyo yasimama juu ya nguzo ya Fermat mwenyewe. Mnamo Oktoba 1640 alimweleza Frénicle yuleyule kwamba namba isiyogawanyika kwa tasa fulani, ikipandishwa hadi kipeo kilicho pungufu ya tasa hiyo kwa 1, huacha baki ya 1. Kwa mfano, 2 kwa kipeo cha 6 ni 64, na 64 ikigawanywa kwa 7 hubaki 1. Chombo cha kuivunja dhana yake, basi, alikuwa nacho mkononi. Kilichompoteza si uhaba wa maarifa. Mifano mitano ilimtosha.

Mwaka 1880 Landry aliigawanya ya saba pia, kwa 274 177. Baada ya 65 537 haijapatikana hata moja iliyo tasa, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.