Jina Alilolitaja Bibi

Nalima kakao Makwale, bondeni. Asubuhi mvua ikikatika, tunauona Mlima Rungwe upande wa kaskazini na safu ya Livingstone mashariki. Kipunji, kima wa misitu ya huko juu, hashuki huku kwetu. Mimi nilimjua kwa bibi yangu mzaa mama, mtu wa Mwakaleli, aliyekuwa akija na mahindi na kurudi na mchele. Alituambia kuwa msituni kule kuna mnyama mwenye nywele zilizosimama utosini, mkia mrefu, na mlio kama wa kubweka. Sisi watoto tulimtia fungu moja na mazimwi ya hadithi.

Hata wataalamu walisita. Mapema mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS, akina Tim Davenport na Noah Mpunga, walisikia wawindaji wa Rungwe wakimtaja kipunji, na haikuwa rahisi kujua kama wanasimuliwa mnyama au ngano. Msitu ni mzito, mnyama mwenyewe mwoga. Desemba mwaka huo wakamwona waziwazi. Julai 2004 timu nyingine, isiyo na habari za Rungwe, ikamkuta katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, yapata kilomita 350 kutoka huku. Mwaka 2005 wakamtangaza pamoja: Lophocebus kipunji, kima mpya wa kwanza kutambuliwa Afrika tangu 1984. Jina la Kinyakyusa likaingia vitabuni. Nafurahi kwamba hawakulibadilisha.

Lakini walimpanga kwa picha tu. Mzoga hawakuwa nao. Mwaka huohuo kipunji kijana akanaswa kwenye mtego wa mkulima, katika shamba la mahindi kando ya msitu wa Rungwe. Huyo ndiye aliyeamua kesi. Fuvu lake lilifanana na la Lophocebus, kima wa misitu ya Kongo na jirani zake, ila vinasaba vikaonyesha kwamba udugu wake wa karibu ni na nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Nami hutega, maana tumbili hutoboa kakao yangu, kwa hiyo simlaumu yule mkulima. Alikuwa akilinda chakula cha wanawe.

Kinachonitia uchungu ni udogo wa makazi yake. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria vipunji 1,117 duniani kote: 1,042 Rungwe na Livingstone, 75 Ndundulu. Misitu ya Rungwe na Livingstone imeunganishwa na ukanda mwembamba wa Bujingijila, nao umekatwa sana kwa mbao, mkaa na mashamba. Ukifa ukanda huo, vipunji wa Rungwe watabaki kisiwani. Ndugu zangu wa Mwakaleli, mnaopita pale kila siku, iacheni miti ya Bujingijila ikue.