Kufungwa kwa kurudi Marekani: rufaa zilianza namna gani

Jamaa nyingi zilizokimbia vita huku mashariki zina mtoto au shemeji Marekani. Ndiyo maana leo tunaangalia historia ya sheria moja ya huko: ile inayomfunga mtu aliyefukuzwa nchini akarudi bila ruhusa.

Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1929, seneta Coleman Blease akiwa mstari wa mbele. Aliyerudi aliweza kufungwa hadi miaka 2. Mwaka 1988, na tena 1994, adhabu ziliongezwa. Leo, mtu aliyehukumiwa kosa zito kabla ya kufukuzwa anaweza kupata hadi miaka 20.

Mlango wa kujitetea ulifunguliwa mwaka 1987. Wamexico wawili walikamatwa Nebraska mwaka 1984, wakasikilizwa pamoja na wenzao 11 kwa mara moja, wakafukuzwa. Hakimu wa uhamiaji hakuwaelewesha vizuri kwamba wanaweza kuomba wasifukuzwe. Miezi miwili haikuisha, wakakamatwa tena Nebraska. Avoka wao hawakubishana kuhusu kurudi. Walishambulia ule ufukuzaji wa kwanza. Korti Kuu iliwapa haki, majaji 5 kwa 4. Jaji Thurgood Marshall aliandika kwamba ufukuzaji ambao mtu alinyimwa nafasi ya kuupinga mbele ya korti hauwezi kutumiwa kumfunga.

Lakini mwaka 1996 Bunge lilibana mlango huo kwa masharti matatu: mtu awe alitumia njia zote za kupinga ndani ya idara ya uhamiaji, awe alinyimwa nafasi ya kufika kortini, na ufukuzaji wenyewe uwe haukuwa wa haki. Mwaka 2021 Korti Kuu ikasema yote matatu ni lazima. Ni mzigo mzito kwa mtu aliyefukuzwa bila avoka, na wengi wako hivyo.

Rufaa nyingine, ya mwaka 1998, ilihusu urefu wa kifungo. Mtu alikubali kosa la kurudi, akapewa miezi 85, kwa sababu ya makosa yake ya zamani ambayo hayakuandikwa kwenye mashitaka. Alishindwa kwa jaji mmoja tu: 5 kwa 4. Ajabu ni kwamba mwaka 2000 Jaji Clarence Thomas, mmoja wa wale watano, alikiri kwamba alikosea. Hata hivyo hukumu ile haijafutwa, na maavoka wanaendelea kuipinga.

Kwa walio na ndugu kifungoni huko: taarifa ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 14 tangu hukumu iandikishwe. Tena, anayekubali kosa kwa mapatano na mwendesha mashitaka mara nyingi anatia sahihi karatasi inayomwondolea haki ya rufaa. Asomewe karatasi hiyo yote, kwa lugha anayoielewa, kabla ya kushika kalamu.