Mwendo Tenge wa Kombe la Bega

Mshambuliaji wa voliboli wa kiwango cha juu, anayefanya mazoezi kati ya saa 16 na 20 kwa juma, hukadiriwa kupiga spaiki 40,000 hivi kwa mwaka. Karibu zote anazipiga kwa mkono mmoja, ukiwa juu ya kichwa, mwili ukiwa hewani. Haishangazi kwamba mabega yake mawili huacha kufanana. Mwaka 1996 watafiti wa Ujerumani waliwapima washambuliaji 30 wakaona bega la mkono wa kupigia limeshuka kuliko lile jingine, na mfupa mpana ulio nyuma yake umesogea mbali na uti wa mgongo. Kwa wale waliokuwa wakiumwa, tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi.

Mfupa huo mpana wa pembetatu ndio kombe la bega. Kamusi za zamani huuita kombe la mkono, na katika maandishi ya michezo ni vema kutaja jina lote, maana msomaji akikutana na “kombe” peke yake atafikiria fedha na dhahabu. Jina la kitaalamu ni skapula. Na hali ya kombe kutembea isivyopasa mkono unapoinuka au kushuka, wataalamu huiita diskinesia ya skapula. Asili ya neno diskinesia ni Kigiriki: sehemu yake ya kwanza ina maana ya ubaya au ugumu, ya pili ni mwendo.

Hapo kwenye mwendo ndipo tafsiri nyingi huteleza. Kocha au hata mwalimu wa tiba ya viungo husema “mkao mbaya wa bega”, na kwa neno hilo moja tatizo limehamishwa. Mkao ni namna bega lilivyo mtu akiwa ametulia. Diskinesia haionekani kwa mtu aliyetulia, inaonekana akisogea. Mchezaji anaweza kuwa na bega lililoshuka, na bado kombe lake likapanda na kushuka vizuri kabisa. Mwingine amesimama wima kama askari wa gwaride, lakini akianza kuteremsha mkono, kombe linaruka. Kumpigia huyu kelele “vuta mabega nyuma!” ni kumtibu ugonjwa ambao si wake.

Tuone basi mwendo wenyewe ukoje. Kombe halikushikamana na mbavu kwa kiungo cha mifupa. Linaelea juu ya misuli, na mfupa pekee unaoliunganisha na kiwiliwili ni mtulinga, kule mbele. Mkono ukipanda hadi nyuzi 180, kwa hesabu ya vitabuni nyuzi 120 hivi hutoka kwenye kiungo cha bega na 60 hutoka kwenye kombe linalozunguka na kuinamia nyuma. Kiungo cha bega ni kinu na mchi, ila kinu hiki kimechimbwa ubavuni mwa kombe na hakina budi kuufuata mchi kila unakoelekea. Kikichelewa, kichwa cha mfupa wa mkono kinasugua kingo, na kano zilizopo katikati zinabanwa. Msuli wenye kazi kubwa hapa ni ule wenye meno kama ya msumeno, unaotoka mbavuni na kulishikilia kombe lisichomoze. Ukichoka katika seti ya tano, kombe huonyesha.

Aliyeueneza msamiati wa diskinesia ya skapula ni W. Ben Kibler, daktari wa upasuaji wa mifupa wa Lexington, Kentucky. Mwaka 2002 yeye na wenzake walipendekeza aina tatu za diskinesia hiyo: pembe ya chini ya kombe inachomoza, ukingo wote wa ndani unachomoza, au kombe zima linapanda mapema, mtu akaonekana kama anayeinua mabega kusema “sijui”. Uchunguzi hauhitaji mashine. Mchezaji abaki na fulana inayoacha mgongo wazi, ashike vizito vya kilo moja na nusu hivi, ainue na kushusha mikono yote miwili polepole mara tano, huku mtazamaji akisimama nyuma yake. Mara nyingi kasoro hujitokeza mikono inapoteremka.

Sasa neno lenyewe la Kiswahili la kuiita hali hiyo. La kwanza kunijia lilikuwa “kombo”, lakini “mwendo wa kombo wa kombe” ni mtego wa ulimi. “Hitilafu” na “ugonjwa” nimeyakataa kwa sababu nzito zaidi. Mwaka 2018 uchambuzi wa tafiti kadhaa ulisema wanamichezo wasio na maumivu wenye diskinesia wana hatari ya ziada ya asilimia 43 ya kuumwa bega baadaye. Mwaka 2021 uchambuzi mwingine ukahitimisha kwamba hali hiyo peke yake si kihatarishi cha kutosha. Wachezaji wengi wazima wanayo. Kwa hiyo istilahi isimtangaze mtu mgonjwa kabla ya kuumwa. Tunasema mambo yamekwenda tenge, yaani yameelemea upande, na neno hilo haliwi hukumu ya maradhi. Napendekeza mwendo tenge wa kombe la bega.

Istilahi hii isifunike kitu kingine ambacho wachezaji wa voliboli wanacho kwa wingi wa ajabu. Mwaka 1987 madaktari wa Italia wakiongozwa na Ferretti walieleza kuwa, kati ya wachezaji 96 wa ngazi ya juu, 12 walikuwa na msuli mmoja wa nyuma ya bega uliopooza kwa sababu ya neva iliyodhurika. Walikuwa wakiendelea kucheza. Dalili yake ni bonde chini ya uti wa kombe, upande wa kupigia, pamoja na udhaifu wa kuuzungusha mkono kwenda nje. Bonde hilo si mwendo tenge, na mazoezi ya ukumbini yasimcheleweshe mchezaji kumwona daktari.

Kwa mwenye mwendo tenge anayeumwa, swali la maana ni kama kombe linahusika na maumivu yake. Mtaalamu hulisukuma kombe kwa kiganja lizunguke inavyostahili wakati mchezaji akiinua mkono. Maumivu yakipungua, kazi imejulikana: pushapu zenye msukumo wa ziada mwishoni, kuvuta mikanda ya mpira kuelekea mbavuni, kunyoosha misuli ya kifua na ya nyuma ya bega, na spaiki kupunguzwa kwa idadi inayoandikwa daftarini. Yasipopungua, chanzo kitafutwe kwingine, hata kama kombe linachomoza waziwazi. Kwenye kadi ya kliniki mstari mmoja unatosha: “Mwendo tenge wa kombe la bega, kulia, ukingo wa ndani, maumivu hupungua kombe likisaidiwa, hakuna bonde.”