Reli za Mchezo na Kosa Lisilo na Mwenyewe

Itakumbukwa kwamba tarehe 30 Mei 1972, katika bustani ya Battersea, London, mabehewa ya mchezo yaliyokuwa yakivutwa kupanda reli za mbao yaliachana na kamba, yakarudi nyuma kwa kasi, na breki ya kuyazuia isishike. Watoto 5 walikufa. Mchezo ukafungwa moja kwa moja. Meneja na mhandisi walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mwaka 1973 wakaachiliwa. Wazazi wakabaki na makaburi.

Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya 1974 ilibadili swali lenyewe. Mwajiri sasa alipaswa kumlinda hata raia asiye mfanyakazi wake, na kuthibitisha mwenyewe kuwa alifanya yote yaliyowezekana.

Makali yake yalionekana Alton Towers, tarehe 2 Juni 2015. Behewa tupu lilikwama relini. Mtambo ukasimamisha mchezo, kama ulivyotakiwa. Mafundi, wasioliona behewa lile, wakaondoa kizuizi. Abiria 16 wakaligonga, na wasichana wawili wakapoteza mguu mmoja kila mmoja. Askari ajuaye maana ya amri za kudumu ataelewa kwa nini wakaguzi wa serikali hawakuwabebesha mafundi lawama: kampuni haikuwawekea utaratibu madhubuti. Ilikiri kosa, na mwaka 2016 ikatozwa faini ya pauni milioni 5. Faini, ndugu wasikilizaji, ni mali ya hazina. Fidia ya mguu hudaiwa kwa kesi nyingine.