Litungu
Litungu (Kikuria: iritungu) ni ala ya nyuzi 8 ya Wakuria wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Tanzania, na wa Kaunti ya Migori, Kenya. Mwili wake ni mti uliochongwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Nyuzi za asili zilikuwa kano za ng'ombe. Ni jamaa ya nyatiti ya Wajaluo, ila kubwa zaidi na yenye sauti nzito: hunguruma kuliko kuimba, na msikilizaji huisikia kifuani kabla ya sikioni.

Mashabiki wa muziki wa metali, hasa tawi lake la polepole liitwalo doom, wangeielewa mara moja. Tawi hilo hutajwa kuanzia kwa Black Sabbath wa Birmingham, Uingereza. Katika santuri yao ya 1971, Master of Reality, mpiga gitaa wao Tony Iommi, aliyekatwa ncha za vidole viwili kiwandani, alilegeza nyuzi za gitaa nusutoni tatu katika nyimbo kadhaa, sauti ikawa nzito. Afrika Mashariki, metali imestawi zaidi Nairobi; santuri ya kundi la huko, Duma, ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lakini hao walipiga kwa kasi ya kutisha.