Simu na Akiba ya Dawa ya Malaria Vijijini

Tanzania Bara ilipoanza kutumia dawa mseto ya malaria mwishoni mwa 2006, yaani dawa inayounganisha artemeta na lumefantrini, zahanati nyingi za vijijini ziliishiwa na dawa hiyo mara kwa mara, kwa kuwa taarifa za akiba zilichelewa kufika wilayani. Jaribio la mwaka 2009 hadi 2010 katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini lililenga kasoro hiyo: kila Alhamisi vituo 129 vilitumiwa ujumbe mfupi wa simu, naye mhudumu akahesabu pakiti za aina nne za dawa mseto, zinazotofautishwa kwa uzito wa mgonjwa, pamoja na kwinini ya sindano, kisha akajibu bila malipo; aliyejibu kwa wakati alizawadiwa muda wa maongezi, kishawishi kidogo lakini cha busara. Takwimu zilifika kwa mganga mkuu wa wilaya, aliyeweza kuhamisha dawa kutoka kituo chenye ziada hadi kilichopungukiwa. Katika wiki 21, vituo vilivyokosa angalau dawa mojawapo vilipungua kutoka asilimia 78 hadi 26, ingawa Kigoma Vijijini hali haikuboreka kama kwingine.