Fataki na Kitenzi Kisicho na Mtenda

Kabla ya mwaka 2008, fataki lilikuwa neno la baruti: kidude cha kulipulia, na kile kinachorushwa na watoto usiku wa sikukuu. Mwaka huo likaanza kusikika redioni kama jina la mtu, katika matangazo ya kupambana na Ukimwi yaliyogharimiwa na msaada wa Marekani. Fataki ni mwanamume wa makamo anayewarubuni mabinti wadogo. Kila tangazo ni kichekesho kifupi: Fataki anatongoza, mtu wa kando anaingilia kati, Fataki anaumbuka.

Jina likawatoroka waliolibuni. Fataki hii ikawa fataki huyu, wingi wake mafataki. Kitu kikahamia kwa watu bila kuomba ruhusa ya wasanifu.

Nililisikia likikomaa Karatu, mji uliokaa juu ya barabara ya kutoka Makuyuni kwenda lango la Ngorongoro. Magari ya watalii hupita, malori hulala, na mabinti wa vijiji vya mbali hupanga vyumba ili wawe karibu na shule. Hapo kila dereva mwenye tabasamu aliitwa fataki. (Madereva wenyewe walilicheka neno kuliko wote.)

Ila naona matangazo yale yaliuweka uongo wote kinywani mwa mgeni, na nyumba ikapumua. Uongo wa pili, ule wa mtoto kwa mzazi, haukupata jina. Lugha yetu inauhifadhi vizuri mno. Mama anauliza simu imetoka wapi, binti anajibu, “Nimepewa.” Kauli ya kutendwa haimdai mtenda. Angesema “amenipa,” swali la nani lingefuata papo hapo; “nimepewa” hulifunga. Na mzazi ambaye karo imemshinda, akijua bei ya simu ile, anaweza kuliacha limefungwa. Huo nao ni uongo, japo hakuna aliyetamka neno la uongo. Hata barabarani, bwana yule huamkiwa “Shikamoo, mjomba,” naye huitikia “Marahaba, mwanangu,” na wapita njia wanasikia ukoo.

Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilikwisha kumtambua mtenda, na redio ikampa jina. Kwenye vyumba vya kupanga vya Karatu bado nasikia “nimepewa,” na baada yake kimya, kisha mazungumzo ya mvua.